Pochi Isiyo na Noti Ndani Yake

Mwezi Julai 1999, katika mji mdogo wa Woodside, jimbo la California nchini Marekani, watu walikusanyika kwenye mgahawa unaoitwa Buck's kutazama pesa zikipita hewani. Mezani palikuwa na vikompyuta viwili vya mkononi aina ya PalmPilot, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kutosha kiganja. Kimoja kilishikwa na upande wa wawekezaji, kingine na upande wa kampuni changa iliyokuwa ikiomba mtaji. Vikaelekezwa uso kwa uso, mwanga usioonekana kwa macho ukatoka hiki ukaingia kile, na dola milioni 3 zikawa zimebadili mwenyewe.

Kijana aliyeandika programu iliyozirusha pesa hizo aliitwa Max Levchin. Alikuwa na miaka 24. Yeye na wenzake walikesha siku tano mfululizo wakiiandika upya ili isiwaaibishe mbele ya kamera, maana hakutaka kabisa kuonyesha mfano wa bandia. Alitaka kila kitu kiwe cha kweli, mpaka hesabu za kulinda siri ndani yake. Shughuli ilipokwisha akaagiza kimanda, akalala palepale mezani. Alipozinduka kimanda kilikuwa mbele yake na watu wote wameshaondoka.

Nawasimulia habari hii, vijana, kwa sababu hapo ndipo ilipoanza huduma ambayo leo dunia inaijua kwa jina la PayPal, pochi ya mtandaoni yenye akaunti hai zaidi ya milioni 400. Lakini lile lililofanyika Buck's, ambalo kila mtu alilishangilia, halikufika mbali. Kilichofika mbali ni kitu kingine ambacho hata waliokibuni hawakukithamini mwanzoni.

Levchin alizaliwa Kyiv, Ukraine, wakati huo ikiwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti. Familia yake ilihamia Chicago mwaka 1991 akiwa kijana wa miaka 16. Alisoma sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Illinois, na alichokipenda kuliko vyote ni ile elimu ya kuficha maandishi kwa hesabu ngumu, ili ujumbe ukitekwa njiani asiweze kuusoma yeyote ila mwenye ufunguo wake. Mwaka 1998 akahamia Palo Alto. Siku moja ya joto kali aliingia kwenye mhadhara Chuo Kikuu cha Stanford, kisa ukumbi ulikuwa na kiyoyozi. Mhadhiri alikuwa Peter Thiel, mzaliwa wa Frankfurt, Ujerumani, mwanasheria aliyegeukia biashara ya fedha. Wasikilizaji walikuwa wachache. Baada ya mhadhara wakazungumza, wakapatana kukutana tena, na kabla mwaka haujaisha wakawa na kampuni. Ilikuja kuitwa Confinity, na Luke Nosek akawa miongoni mwa waanzilishi.

Wazo lao la kwanza lilikuwa kuvifanya vikompyuta vya mkononi vihifadhi siri kwa usalama. Siri gani ambayo watu wangelipa ili ilindwe? Wakajaribu hiki na kile, mwisho wakafika kwenye pesa. Ukiwa umekaa na rafiki mkala chakula, ukalipa wewe, yeye angekurushia sehemu yake kutoka PalmPilot kwenda PalmPilot. Wazo tamu kulisikia. Lakini jiulizeni: kama rafiki amekaa mbele yako, si akupe noti tu? Na je, kama mmoja wenu amesahau kikompyuta chake nyumbani?

Kwa ajili ya huyo aliyesahau, wakaongeza njia ya pembeni. Ungeweza kuingia kwenye tovuti yao na kumtumia mtu pesa kwa anwani yake ya barua pepe. Waliiweka kama nyongeza tu. Sasa tazameni watu walivyoamua wenyewe. Huduma ya PalmPilot ilikwama kwenye watumiaji wapatao 12,000, ilhali waliojiandikisha kwenye tovuti walishapita milioni 1. Ile ya mwanga wa mgahawani ikafungwa, nyongeza ikawa ndiyo biashara yenyewe.

Walioipokea kwa mikono miwili ni wachuuzi wa eBay, soko la mnada wa mtandaoni lililoanzishwa na Pierre Omidyar mwaka 1995. Pale mtu wa New York angeweza kununua saa kuukuu ya mtu wa Texas bila kumjua wala kumwona. Kupatana bei kulichukua dakika, kulipa kulichukua siku na siku. Mnunuzi aliandika hundi, akaitia kwenye bahasha, akaipeleka posta. Mwuzaji akaisubiri, akaipeleka benki, akasubiri tena ithibitike ina pesa, ndipo afunge mzigo. Mchuuzi mdogo hakuwa na mashine ya kupokea kadi, na benki hazikuwa na haja naye. Ghafla anasikia kuna tovuti inayokuwezesha kulipwa leo leo ukiwa na barua pepe tu. Wachuuzi wakaanza kuwaandikia Confinity: tunaomba ruhusa kuweka nembo yenu kwenye matangazo yetu ya mnada. Levchin na wenzake walishangaa, hawa ni akina nani? Kwa muda walijaribu hata kuwazuia. Baadaye wakafunguka macho kwamba wateja waliokuwa wakiwatafuta ndio hao wanaobisha hodi.

Kabla sijaendelea na visa vya watu, ngoja niwaeleze pochi hii inavyofanya kazi, maana hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Ukifungua pochi ya mtandaoni ukaona salio la dola 20, hakuna noti ya dola 20 iliyolala ndani ya simu yako wala ndani ya kompyuta ya kampuni. Fikirini lile daftari la mkopo la duka la Mangi mtaani. Mangi anaandika: Mama Juma, sukari, shilingi kadhaa. Hakuna shilingi iliyohama pale, kuna maandishi tu, na kwa kuwa wote wawili wanayaamini, maisha yanaendelea. PayPal ni daftari la namna hiyo lenye mamia ya mamilioni ya kurasa. Pesa halisi ziko kwenye mabenki, kwenye akaunti za kampuni. Unapomtumia mwenzako dola 5, daftari linapunguza 5 kwenye ukurasa wako na kuongeza 5 kwenye ukurasa wake, mara moja, yote mawili kwa pamoja. Likipunguza bila kuongeza, pesa zimepotea. Likiongeza bila kupunguza, pesa zimezuka kutoka hewani. Kazi kubwa ya wahandisi ni kuhakikisha hayo mawili hayatokei hata umeme ukikatika katikati ya muamala.

Sasa tuseme mama mmoja wa Machakos anasuka viondo na kuviuza mtandaoni, na mtu wa Berlin amependa kimoja cha euro 30. Yule wa Berlin anaingia kwenye akaunti yake kwa barua pepe na nenosiri. Kadi yake ya benki aliisajili zamani, hivyo haandiki namba zake tena, na jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana: mama wa Machakos hatazijua namba za kadi hiyo kamwe. Ataona jina na malipo basi. Mnunuzi anabonyeza kitufe cha kulipa, na katika muda mfupi kuliko kupepesa macho mara mbili, mashine inajiuliza maswali mengi. Kifaa hiki kimewahi kutumika na mtu huyu? Mbona yuko nchi asiyoizoea? Kiasi hiki kinafanana na anachonunua siku zote? Majibu yakiridhisha, kampuni inaiomba benki ya mnunuzi idhini, daftari linaandikwa, na mama wa Machakos anapata barua pepe kwamba amelipwa. Benki na mitandao ya kadi hupelekeana pesa zenyewe baadaye, kwa mafungu makubwa ya miamala mingi.

Kiondo kisipofika, mnunuzi anaweza kulalamika. Kampuni inazishikilia pesa, inamwuliza mwuzaji ushahidi kwamba alituma mzigo, kisha inaamua. Ndiyo maana mgeni wa Berlin anathubutu kumlipa mtu asiyemfahamu aliye mbali hivyo. Gharama ya ulinzi huu na ya daftari lote hulipwa na mwuzaji, kwa makato ya asilimia fulani ya kila malipo, na pesa zikibadilishwa kutoka fedha ya nchi moja kwenda nyingine, kuna makato mengine hapo.

Turudi Palo Alto. Confinity hawakuwa peke yao. Jirani yao, tena kwa kipindi fulani katika jengo moja la barabara ya University Avenue, palikuwa na kampuni nyingine iliyoitwa X.com, iliyoanzishwa Machi 1999 na Elon Musk, mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini. Yeye alitaka benki nzima ya mtandaoni, lakini kutuma pesa kwa barua pepe nako kukamnogea. Kampuni hizi mbili zikaanza kugombea wateja kwa njia ambayo wazee wangeiita wazimu: kugawa pesa. Confinity walikupa dola 10 ukijiandikisha, na dola 10 nyingine ukimleta mwenzako. X.com walifika hadi dola 20 kwa kujiandikisha tu.

Na huduma yenyewe ilijieneza. Mtu akikutumia pesa, unapata barua inayosema una dola zako zinakusubiri, na ili uzichukue ni lazima ufungue akaunti. Nani angeacha? Idadi ya watumiaji ikawa inapanda kwa asilimia 7 hadi 10 kwa siku. Chukueni kikokotoo: asilimia 7 kila siku, baada ya siku 10 idadi imekaribia kuwa maradufu. Na kila aliyeingia aligharimu zawadi. Machi 2000 kampuni hizo mbili zikaungana zisije zikamalizana, na mwisho wa mwezi huohuo zikakusanya mtaji wa dola milioni 100. Bahati yao ilikuwa kubwa, kwa kuwa wiki chache zilizofuata soko la hisa za kampuni za intaneti liliporomoka, na nyingi zikafa kwa kukosa pesa.

Musk aliongoza kampuni iliyoungana, lakini ugomvi wa ndani ulikuwa mkali. Septemba 2000, akiwa safarini na mkewe, bodi ikamwondoa uongozini na Thiel akashika usukani. Mwaka 2001 kampuni nzima ikachukua jina PayPal. Magazeti hupenda sana kisa hiki cha ugomvi wa wakubwa. Mimi naona vita iliyopiganwa wakati huohuo kwenye vyumba vya chini, kati ya wahandisi na wezi, ndiyo iliyoamua kama pochi ya mtandaoni itakuwepo duniani au la.

Mwizi alifanyaje? Ananunua namba za kadi zilizoibwa, anafungua akaunti kwa jina la uongo, anaichota kadi ya mtu na kuzipeleka pesa kwenye akaunti nyingine, halafu nyingine, kisha anazitoa. Mwenye kadi anagundua mwezi unaofuata, analalamika benki, na benki inazirudisha pesa zake kwa kuzidai kutoka PayPal. Mwizi ameondoka, mwenye kadi amerudishiwa, anayebaki na shimo ni mwenye daftari. Mwaka 2000 hasara hizi zilifika mamilioni ya dola kwa mwezi. Huduma kadhaa zilizofanana na PayPal zilizama kwenye shimo hilihili.

Dawa ya kwanza ilikuwa dhidi ya mashine. Matapeli waliandika programu za kufungua akaunti maelfu kwa maelfu ili kukusanya zile zawadi. Mhandisi David Gausebeck pamoja na Levchin wakaja na jaribio: kabla hujafungua akaunti, unaonyeshwa picha ya herufi zilizopindwa na kuchorwachorwa juu yake, uandike unachokiona. Jicho la mtu linaziona herufi, programu za wakati ule ziliona vurugu. Kama umewahi kuombwa na tovuti uthibitishe kwamba wewe si roboti, umekutana na mzao wa jaribio hilo. PayPal walikuwa miongoni mwa wa kwanza kulitumia kwenye biashara.

Dawa ya pili naipenda kwa urahisi wake, na ilitoka kwa Sanjay Bhargava. Swali lilikuwa: mtu anasema akaunti fulani ya benki ni yake, utajuaje? Kampuni inaweka kwenye akaunti hiyo viasi viwili vidogo, kila kimoja chini ya dola moja, vilivyochaguliwa kwa kubahatisha. Kisha inamwambia: niambie nimekuwekea kiasi gani. Ni mwenye akaunti tu anayeweza kuiona taarifa ya benki na kujibu senti kwa senti. Mpaka leo kampuni nyingi duniani zinatumia njia hii. Ilikuwa na faida ya pili pia, kwa sababu kuchota pesa moja kwa moja benki kulikuwa nafuu sana kuliko kupitia mitandao ya kadi, inayotoza asilimia yake kila mara.

Ya tatu ilipewa jina la mwizi. Kulikuwa na tapeli aliyejiita Igor, mjanja kweli, aliyekuwa akiwacheza shere wahandisi. Levchin na timu yake wakatengeneza programu iliyochora miamala kama picha, akaunti na akaunti zikiunganishwa kwa mistari, na unene wa mstari ukionyesha wingi wa pesa. Wakaiita Igor. Mpelelezi aliyeikodolea macho aliona mara moja mahali ambapo mistari inakusanyika kwa namna isiyoeleweka, kitu ambacho angetafuta kwa siku nyingi kwenye karatasi za hesabu. Mashine ilichuja, mtu akaamua. Hasara zikashuka, na kampuni ikaweza kupumua.

Palikuwa pia na serikali. Je, hii ni benki au si benki? Swali hilo halikuwa dogo, kwa kuwa benki ina sheria zake na dhamana zake. Februari 2002, siku chache kabla hisa za PayPal hazijaanza kuuzwa kwa umma, jimbo la Louisiana liliiamuru isitishe huduma kwa wakazi wake kwa kukosa leseni. Amri hiyo ikaondolewa baadaye, na kampuni ikalazimika kutafuta leseni jimbo kwa jimbo. Kwa upande wa Ulaya, kampuni ilipata leseni ya benki nchini Luxembourg mwaka 2007. Hisa zilianza kuuzwa tarehe 15 Februari 2002 kwa dola 13 kila moja. Oktoba mwaka huohuo eBay ikainunua kampuni yote kwa dola bilioni 1.5. eBay ilikuwa na huduma yake ya malipo, Billpoint, lakini wachuuzi wake walikuwa wameshachagua. Mwaka 2015 PayPal ikatengana na eBay ikasimama peke yake.

Waliotoka PayPal walienda kuanzisha mengine mnayoyatumia kila siku. Chad Hurley, Steve Chen na Jawed Karim waliunda YouTube mwaka 2005. Reid Hoffman alianzisha LinkedIn.

Na kwetu? Wakati PayPal inajengwa juu ya kadi na akaunti za benki, Waafrika wengi hawakuwa na kadi wala akaunti. Ndiyo maana Machi 2007 Kenya ilipoanza kutumia M-Pesa, njia ilikuwa tofauti: laini ya simu ndiyo akaunti, na wakala wa mtaani anayepokea noti zako mkononi ndiye dirisha la benki. Mwaka uliofuata Tanzania ikafuata. Daftari lilikuwa la aina ileile, pesa halisi zikiwa zimewekwa benki, lakini mlango wake ulifunguliwa mahali watu walipo. Aprili 2018 madaftari hayo mawili yakaunganishwa: Mkenya mwenye PayPal akaweza kuhamishia pesa zake M-Pesa na kuzitoa kwa wakala. Kwa yule mama wa viondo, au kijana wa Nairobi anayeandikia kampuni ya ng'ambo, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Lakini si kila Mwafrika aliyetendewa hivyo. PayPal ilipoingia Nigeria mwaka 2014, Wanigeria waliruhusiwa kutuma pesa na kununua, hawakuruhusiwa kupokea. Sababu iliyotajwa ni utapeli. Matapeli wapo, nimeshawaeleza madhara yao. Hata hivyo, kumfungia kila kijana mwaminifu wa nchi nzima mlango wa kulipwa kwa kazi ya mikono yake, huku mlango wa kutumia pesa zake ukiachwa wazi, ni dhuluma, na wenye huduma hizi wanapaswa kuambiwa hivyo bila kuzungukazunguka. Walioweza kubuni Igor na vile viasi viwili vidogo vya benki wanaweza kubuni njia ya kumtenga mwizi bila kuwaadhibu majirani zake.

Ninyi mnaokaribia kufungua pochi zenu za kwanza, shikeni hili moja. Daftari halikujui kwa sura. Linamwamini yeyote aliye na nenosiri lako na zile tarakimu za uthibitisho zinazotumwa kwenye simu yako. Wezi wa siku hizi hawahangaiki kuvunja hesabu za kina Levchin, wanakupigia simu kwa sauti ya upole, wanajifanya wahudumu, wanakuomba uwasomee tarakimu hizo. Usiwasomee. Kata simu, tafuta mwenyewe namba rasmi ya huduma, upige wewe.